Kilima Nilichokiandika Nikiwa Chini

Siku mliyoniaga kazini, mpimaji mwenzangu Furaha alisimama mbele yenu na chupa ya soda mkononi akasema hakuna kipande cha mji wa Uvira ambacho Papa Elia hajakikanyaga. Mlipiga makofi. Mimi nilikunywa soda yangu polepole ili mdomo uwe na kazi. Furaha mwenyewe anajua ukweli, kwa kuwa alikuwepo. Alisema vile kwa heshima, maana siku ya kumuaga mtu si siku ya kumvua nguo. Lakini ninyi mlioletwa ofisini mwaka huu mlipiga makofi kwa moyo wote, na makofi yenu ndiyo yamenikosesha raha tangu siku ile. Kuna kilima kimoja nilikiandika kabla ya kukikanyaga. Neno moja la mkono wangu lilitaka kukimaliza chote, na sehemu yake lilikimaliza kweli.

Nianze mwanzo. Nilizaliwa Katogota, katika tambarare ya Ruzizi, baba yangu akilima mpunga. Kwetu mtu akitaka kuona mbali husimama juu ya tuta la shamba, na akishaona anashuka haraka. Milima ilikuwa upande wa magharibi, kazi yake kuleta mvua, na hakuna aliyefikiria kwenda kuisumbua. Nilifika Uvira na cheti cha shule, viatu vya kanisani na barua ya kunipokea kwenye ofisi ya viwanja. Ofisi ilikuwa na meza mbili, kabati lisilofungika na Mzee Kashindi.

Mzee Kashindi alikuwa mkubwa wa wapimaji. Ninyi hamkumkuta. Alivaa abakosti kila siku, lile koti la kufunga mpaka shingoni ambalo serikali ya wakati ule iliwaamuru wanaume walivae badala ya suti na karavati, yaani tai. Vifungo vyote vilifungwa, hata mwezi wa tisa joto likiwa la kupasua kichwa. Sikuwahi kuona kifungo chake kimefunguliwa. Siku ya kwanza hakuuliza shule niliyosoma wala nani alinileta. Alitazama viatu vyangu, kisha akauliza ninatoka wapi. Nilipomwambia Katogota, alitikisa kichwa.

“Kule kwenye haiko mulima,” akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilidhani ameandika jina langu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Rangi nyeupe na brashi ya kuandika namba milangoni, mifuko ya fishi, yaani zile karatasi za kujaza habari za kila kiwanja, na dekametre ya kitambaa, utepe wetu wa kupimia. Hiyo dekametre ilikuwa imekatika mwanzoni, sentimita nane zilishaondoka na mpimaji fulani kabla yangu, kwa hiyo unaanza kwenye nane halafu unatoa nane. Avenue yangu ya kwanza, yaani barabara ya kwanza niliyopima, nilisahau kutoa. Mpaka leo nyumba za avenue ile ni pana kidogo kwenye karatasi kuliko zilivyo chini ya jua, na katika miaka yote hiyo hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyekuja kulalamika.

Zaidi ya hapo, kifaa kilikuwa miguu. Mzee Kashindi alikataza kupima kwa macho. Alisema macho yanaandika kile yanachopenda. Tulitembea Kilibula nzima, Rugenge nzima, mlango kwa mlango, na nilijivunia kutembea mpaka nikajiponza. Siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa mke wangu, baba mkwe aliniuliza kazi yangu ni nini, nikamjibu bila kufikiri: “Natembea, Papa. Naingia kila nyumba.” Ukimya ulioingia pale sijausikia tena hata msibani. Mjomba wangu alichukua muda mrefu kueleza kwamba kijana wao anaingia na brashi na rangi, na anabaki mlangoni.

Sasa nije kwenye mtaa wenyewe. Juu kidogo ya Rugenge, nyumba zinapoanza kubanana na miguu ya mlima, kuna sehemu inayoitwa Kwa Wabishi. Ina jina jingine kwenye karatasi, na karatasi ndiyo peke yake inayolitumia. Wenyeji wa pale walikuwa mafundi cherehani, wapiga gitaa, wapiga picha, walimu waliogombana na shule zao, na wasichana waliokataa waume waliotafutiwa. Kila aliyeshindikana kwao alipata chumba Kwa Wabishi.

Nilipelekwa kuandika namba za nyumba. Nikaandika. Kesho yake nikakuta zimefutwa, na kila nyumba imejipa namba inayoipenda. Nyumba tatu zilikuwa saba. Moja ilikuwa mia moja, kwa sababu mwenyewe alitaka kufikisha umri huo. Fundi cherehani mmoja alikuwa ameandika mlangoni, kwa herufi nzuri kuliko zangu, neno “Bado”. Nilimuuliza bado nini. Akanijibu kwamba hajaamua. Niliandika tena, wakafuta tena, mpaka rangi ya serikali ikaisha na wao wakawa bado na yao. Mzee Kashindi alipokagua alisoma milango yote kwa utulivu, akaniamuru ninakili namba zao kama zilivyo. Nilishangaa, maana ni yeye yule ambaye angekurudisha Kilibula kwa mguu ukikosea herufi moja.

Kiangazi kilichofuata alinipa fishi ya kilima kilicho nyuma ya Kwa Wabishi. Alinipa mimi peke yangu, ingawa walikuwepo wapimaji wawili wenye uzoefu, mmoja wao mtu wa milimani aliyepanda miinuko kama anavyoingia chooni. Niliona ni heshima. Nilipiga viatu rangi.

Kilima kile kina ngazi za mawe, jiwe moja kwa kila hatua, zinazopanda kutoka kwenye korongo. Hatua kumi za kwanza nilikwenda vizuri. Hatua ya ishirini nilianza kushika majani. Hatua ya thelathini nilifanya kosa la kugeuka, nikaona ziwa lote liko chini ya viatu vyangu, na ng'ambo yake milima ya Burundi inanitazama. Magoti yaligoma. Nilikaa juu ya jiwe nikalikumbatia kwa mikono miwili. Mbuzi alinipita akipanda, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Nilikaa pale muda ambao sitautaja. Kisha akashuka msichana mwenye kitenge na beseni kichwani, anashuka kama mtu anayeingia sebuleni kwao. Nilijikusanya, nikatoa fishi, nikamuuliza kwa sauti ya serikali huko juu kuna nini.

“Kule juu? Iko upepo tu,” akasema, akapita.

Kwenye fishi kuna mstari unaouliza kiwanja kimeendelezwa kwa kitu gani. Pasipo na kitu, karani wa kwetu huandika neno moja la Kifaransa: néant. Ni neno tamu, fupi, lina heshima zake, na halihitaji kupanda. Niliandika néant. Kwenye mstari wa miti, néant. Kwenye mstari wa majengo, néant. Nikashuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe, nikapangusa suruali nikarudi ofisini.

Mzee Kashindi aliisoma fishi mara mbili.

“Weye ulifika juu?”

“Nilifika, Papa.”

“Uliona nini?”

“Upepo tu, Papa.”

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya yangu. “Muzuri,” akasema. “Kazi muzuri.” Ndiyo sifa pekee niliyopata kutoka kwake katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Niliilea kama mtoto. Nilimsimulia mke wangu, nikawasimulia watoto.

Miaka ikapita, serikali ikalegeza kamba, karavati zikaruhusiwa. Wiki ile wanaume wa ofisi tulikuja kazini tumejifunga shingoni namna unavyofunga mbuzi kwenye kigingi. Mzee Kashindi alikuja na karavati ya buluu yenye madoa meupe, fundo lake limekaa sawasawa, na alikuwa akilirekebisha kwa kidole bila hata kutazama. Hakuna aliyejiuliza alijifunzia wapi. Mimi nilimwomba anifunge ya kwangu, akanifunga, na alipomaliza akasema kwa sauti ya chini: “Sasa ile fishi ya kilima, rudi uimalize.”

Nilijibu ndiyo, Papa. Sikurudi. Kurudi kungekuwa ni kukiri kwamba sikufika, na mtu mwenye sifa moja tu hawezi kuichezea. Alinikumbusha mara ya pili siku alipostaafu. Mara ya tatu alikuwa kitandani, nimempelekea sukari, sauti imebaki nyembamba, na bado akasema, Elia, ile fishi. Nilimwambia mke wangu njiani kwamba maskini mzee amezeeka na makaratasi kichwani. Alikufa kabla ya mvua.

Baada ya hapo ndipo nikawa, Mungu anisamehe, mtaalamu. Karavati ziliporuhusiwa, watu wa Kwa Wabishi walianza kusema. Kumbe wakati wa katazo vijana wa mtaa ule walikuwa wakipanda kilimani Jumapili mchana, na huko juu ndiko walikovaa walichonyimwa mjini: wanaume karavati, wasichana suruali, maana suruali nazo wanawake walikatazwa. Juu unaona kila anayekuja, kwa hiyo askari akianza kupanda, akifika nusu ya njia anasikia vijana wa kwaya wanaimba nyimbo za Bwana, nguo ziko ndani ya debe chini ya majani. Na kulikuwa na sharti: anayetaka kuvaa abebe jiwe lake kutoka korongoni, alichonge herufi za jina lake, aliweke liwe ngazi. Kila ngazi ilikuwa mtu. Kilimani walisawazisha viwanja vitatu vidogo, kimoja juu ya kingine, wakapanda mijakaranda na kupanga mawe ya kukalia, wakacheza muziki wa redio yenye betri.

Haya yote niliyasikia chini, kwa fundi cherehani wa mlango wa “Bado”, nikiwa nimekaa. Wakaja wanafunzi, wakaja mapadri, wakaja wageni wanaotaka kuujua mji kwa miguu, na ofisi ikawa inanitoa mimi, kwa kuwa Papa Elia ndiye aliyekanyaga kote. Niliwapitisha Rugenge, nikawaonyesha nyumba tatu za namba saba, nikawaonyesha chumba cha mpiga picha, halafu nikawafikisha kwenye jiwe la kwanza la ngazi. Pale niliinua mkono kama askofu nikasema, “Na huko juu ndiko walikovaa.” Wageni wakitaka kupanda nilikuwa na sababu tayari: upepo mkali, mawe yana utelezi, saa zimekwenda. Wengine waliandika maneno yangu kwenye madaftari. Bibi mmoja wa Bukavu alinikumbatia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kiasi, ila nayo ilifika mwisho. Ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za chini, watu walianza kutazama juu. Walikuja ofisini kuuliza sehemu gani ya mlima haina mwenyewe, na vijana wetu wakafungua kabati lisilofungika wakakuta fishi ya zamani, safi, yenye sahihi mbili, inayosema kilimani hakuna kitu. Kiwanja cha kwanza, kile cha chini, kikakatwa, akauziwa baba mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa imemezwa na maji. Mimi nilikuwa Kilibula siku hizo kwa ugomvi wa mpaka. Niliporudi msingi ulishasimama. Nilisikia, nikanyamaza, nikajiambia ni kipande kidogo tu. Kisha bwana mmoja mwenye uwezo akaomba viwanja viwili vilivyobaki, aondoe miti na kujenga hoteli, na barua yake ilitaja namba ya fishi yangu.

Hapo ndipo alipokuja Mama Zaituni.

Mnamjua, ni yule mama wa vitambaa na viungo sokoni, wa ukoo wa Waislamu wa zamani waliokuja na biashara za ziwani enzi za mababu. Aliingia ofisini na fimbo yake, ushungi umefungwa vizuri, akakataa kiti. Alikuwa na nakala ya fishi. Akaiweka juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye sahihi.

“Papa Elia, huu mukono ni yako?”

Nikasema ni wangu.

“Na weye ulifikaka juu?”

Furaha alikuwa meza ya pili, kalamu imesimama. Nilifungua mdomo nitoe lile jibu langu la siku zote. Mama Zaituni akanitangulia.

“Minye njo nilikuambia iko upepo tu,” akasema. “Nilikuwa na beseni. Ndani ya beseni mulikuwa suruali yangu. Weye ulikuwa unakumbatia jiwe.”

Niliona aibu iliyoanzia miguuni. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba tume ya viwanja itakaa Alhamisi, kwamba wenzake wengi wameshakufa, yeye magoti yake hayapandi tena, na kama hakuna fishi nyingine yenye sahihi ya ofisi, mawe yao yatakuwa kokoto. Alitaka mtu apande, asome kila jiwe, aandike kilichopo. Alimtazama Furaha, ambaye ni kijana na ana miguu. Furaha alikuwa ameshaanza kuinuka.

Nikasema nitakwenda mimi. Sijui ushujaa huo ulitoka wapi. Labda ulitoka kwa Mzee Kashindi, kwa zile mara tatu.

Tulikwenda Jumatano asubuhi. Mama Zaituni alikaa chini, mlangoni pa “Bado”, simu sikioni. Furaha alitangulia na dekametre mpya, ndala miguuni, akipanda huku anatafuna karanga. Mimi nilifuata na fishi ndani ya shati na simu mkononi. Ngazi za mwanzo hazikuwepo tena. Tulizunguka ua wa ile nyumba mpya. Mke wa mwenye nyumba alitukaribisha, akanipa maji kwa kuwa aliona uso wangu. Watoto wake walikuwa wakiruka kamba. Nikiwa nakunywa niliona msingi wa nyumba: mawe yaliyojengewa humo yalikuwa na herufi, mengine yamepinduliwa miguu juu.

Nilimwambia Mama Zaituni kwenye simu.

“Soma na hizo,” akasema.

Nikasoma, nimeinama, kichwa chini kama jogoo anayetafuta punje. Kila herufi niliyotaja alijibu kwa jina la mtu na nguo yake. Huyu karavati nyekundu ya kaka yake. Huyu suruali ya kijani, aliolewa Kalemie. Huyu alifia ziwani. Yule mama wa nyumba alisimama karibu yangu na jagi mkononi, akisikiliza, na nilimsikia akinong'ona, “Batu wote hawa njo wako mu musingi wetu?” Hawakuwa na kosa lolote, walinunua kiwanja ambacho fishi yangu ilisema hakina kitu.

Tukaendelea juu. Ninyi mnaocheka, mcheke, lakini nilipanda sehemu kubwa kwa mikono na magoti. Jambo hilo lilikuwa na faida moja, nilikuwa karibu na mawe. Jiwe, herufi, jina. Jiwe, herufi, jina. Furaha aliandika. Kiwanja cha pili kina mijakaranda kumi na moja na duara la mawe ya kukalia, na niligusa kila mti, kwanza kwa kazi, pili kwa kujishikiza. Ngazi za mwisho ndizo kali. Nilifumba jicho moja, lile la upande wa ziwa.

Ngazi ya mwisho kabisa, mlangoni mwa kiwanja cha juu, ina mawe mawili yaliyowekwa pamoja. Moja lina Z. Nikasema kwenye simu, Mama, hili naona ni lako. Akasema ndiyo, na la pembeni yake usome. Nilipangusa mavumbi kwa kiganja. Lilikuwa limechongwa kwa uangalifu, herufi zimenyooka kama zimepigiwa rula, na mwandiko ule nilikuwa nimeuona chini ya sahihi yangu miaka yote. Nikasoma kwa sauti: Kashindi, mpimaji.

Upepo ulikuwepo kweli, ulijaa kwenye simu. Nilikaa chini.

“Alikuwa na ya buluu,” akasema Mama Zaituni. “Ya madoa. Ile fishi ilitoka kwa wakubwa wa serikali, walitaka kujua mulima iko na nini. Angekuja mutu wa kweli, tungefungwa wote. Kashindi alikutuma weye sababu alijua hautapanda.”

Kumbe kwenye daftari, siku ya kwanza, hakuandika jina langu. Aliandika mahali ninakotoka. Na “kazi muzuri” ile niliyoilea miaka yote haikuwa sifa ya mpimaji, ilikuwa shukrani kwa mwoga aliyefanya uoga wake sawasawa. Nilicheka mpaka Furaha akaja kuangalia kama kizunguzungu kimenishika. Kisha nikalia, nako sioni sababu ya kuficha. Woga wangu ulikuwa umewalinda watu wale, wala sikuwa nimekusudia. Lakini hatari ilipopita, Mzee aliniomba mara tatu nirudi niandike ukweli, na hapo sikuwa mwoga wa urefu tena, nilikuwa mwoga wa kuonekana mwongo. Mawe yaliyo kwenye msingi wa ile nyumba ndiyo gharama ya mara tatu zile.

Alhamisi tume ilikaa. Bwana wa hoteli alileta mtu wa kumsemea, kijana mwenye karavati nzuri, Mungu ana mizaha yake. Akainua fishi ya zamani, akauliza kama ofisi inaikana sahihi yake. Nilisimama nikasema haikani, sahihi ni yangu. Kisha nikasema:

“Niliandika néant nikiwa chini. Juu sikufika.”

Walikuwepo wanafunzi wawili niliowahi kuwatembeza. Niliwaona wakitazamana. Mwenyekiti aliniuliza kama naelewa kwamba naiaibisha ofisi mwezi wa mwisho wa kazi yangu. Nikamwambia naielewa aibu hiyo vizuri, nimekaa nayo muda mrefu. Nikatoa fishi mpya, ngazi kwa ngazi, jina kwa jina, mti kwa mti, sahihi yangu na ya Furaha. Ilisomwa yote. Mama Zaituni alikaa nyuma, na kila jina lilipotajwa aligonga fimbo chini mara moja. Viwanja viwili vya juu vikaachwa kuwa bustani ya mtaa. Kiwanja cha kwanza hakikurudi, na sikuomba kirudi. Huwezi kuwatoa watoto nyumbani kwa sababu mzee mmoja aliogopa ngazi.

Tulipotoka nje nilimuuliza Mama Zaituni kama kuna kitu ninachoweza kufanya. Alinipima kwa macho kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

“Beba yako,” akasema.

Nilichagua jiwe korongoni, si kubwa, mimi si Samsoni. Nilichonga E. Swali likawa pa kuliweka. Furaha alipendekeza juu, karibu na la Mzee. Nikakataa, sikustahili, na pia kule ni mbali. Njia sasa inaanzia pembeni ya ua wa ile nyumba, pale ambapo ngazi zimekatika, na hapo palikosa jiwe la kuanzia. Nililiweka hapo. Mume wa yule mama alinisaidia kulikaza kwa udongo, na mama mwenyewe akamwagia maji.

Jumapili iliyofuata nilikuta Wabishi wamepita. Chini ya E yangu wamechonga, kwa herufi nzuri kuliko zangu, neno moja: néant. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, ndivyo mtaa ulivyo.

Basi, vijana, yale makofi nawarudishia. Kapimeni mji kwa miguu yenu, na mahali magoti yenu yatakapogoma andikeni kwamba yaligoma. Nanyi wa mwaka huu, mmoja wenu akitumwa Kwa Wabishi, apande mpaka juu akamsalimie Mzee Kashindi. Jiwe la kwanza atakalolikanyaga ni mimi, na asiogope kukanyaga kwa nguvu, nimekazwa vizuri.